Kila Umri na Jina Lake: Historia ya Aibu ya Sonona Miongoni Mwetu

Sisi tuliokulia Igowole hatukuwa na jina moja la ugonjwa huu. Tulikuwa na majina mengi, na kila umri ulikuwa na lake. Mtoto aliyeacha kucheza, akakaa kando ya jiko akitazama moto, tulimwita mvivu. Kijana wa kiume aliyejifungia chumbani mchana kutwa, tulisema anavuta bangi; wa kike, tulisema ameachwa na mwanaume. Mama aliyejifungua akashindwa kumtazama mwanawe alikuwa na pepo. Baba aliyekosa nguvu ya kushika jembe alikuwa mlevi, hata kama ulanzi ulikuja baada ya huzuni na si kabla yake. Na bibi aliyekaa peke yake bila kusema neno, huyo tulimwogopa. Jina lake tulilitaja kwa sauti ya chini, maana bibi kizee mnyamavu hachukui muda mrefu kabla ya kuitwa mchawi.

Madaktari wanasema mara nyingi nyuma ya majina hayo yote kuna ugonjwa mmoja, nao wanauita sonona. Ni huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili au zaidi, usingizi unaopotea au unaozidi, chakula kisicho na ladha, mwili uliochoka bila kufanya kazi, kujiona hufai, na kwa wengine kutamani kufa. Neno lenyewe si geni katika Kiswahili. Kusonona ni kuumia moyoni. Madaktari wamelichukua neno la zamani na kulipa kazi mpya. Wazazi wetu walisema tu kwamba fulani "ana mawazo", na mazungumzo yakaishia hapo.

Hatusemi kwamba kila anayekunywa ulanzi anaumwa sonona. Wengine wanaupenda ulanzi tu. Wala hatusemi kila mtoto mvivu ni mgonjwa, tumewalea, tunawajua. Tunachotaka kuuliza katika insha hii ni majina hayo yalitoka wapi, nani aliyatunga, na kanisa letu lilikuwa wapi yalipokuwa yakitungwa.

Tuanze na kifo ambacho kila mtoto wa mkoa wa Iringa anakijua. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, Chifu Mkwawa alijiua mwenyewe asije akashikwa na Wajerumani. Alikuwa amewashinda Lugalo mwaka 1891, akapoteza ngome yake ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, na kwa karibu miaka minne akaishi porini, akiwindwa, huku watu wake wakikamatwa na kuuawa mmoja baada ya mwingine. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954, na sasa liko Kalenga, ambako watoto wa shule hupelekwa kulitazama.

Hakuna anayeweza kumpima mtu aliyekufa zaidi ya karne moja iliyopita, nasi hatusemi Mkwawa aliumwa sonona. Tunasema jambo jingine. Katika historia yote tuliyofundishwa juu yake, hatujawahi kusikia mtu akimwita dhaifu, wala mtu akiuliza kama ana haki ya kuzikwa kwa heshima. Kwa shujaa tumeweza kuona kwamba mtu anaweza kubanwa mpaka asione njia nyingine. Kwa jirani yetu tumeshindwa.

Baada ya vita likaja jambo ambalo halina makumbusho. Wanaume wa Nyanda za Juu Kusini, Wabena, Wahehe, Wakinga na wengine, waliandikishwa kwa mikataba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Wengi walirudi na blanketi na fedha kidogo. Wengine walirudi kimya. Wazee wetu walisimulia habari za wanaume walioketi nje ya nyumba zao kuanzia asubuhi mpaka jioni, wasiseme walichokiona. Jibu la kijiji lilikuwa moja: amelogwa huko. Tukilitazama leo, jibu hilo lilikuwa na huruma fulani ndani yake, kwa sababu halikumlaumu mgonjwa. Lakini lilitafuta mtu mwingine wa kulaumiwa, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke mzee.

Hospitali ilipokuja, ilikuja na jina jingine.

Nyumba ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika nchi yetu ilikuwa ya kanisa. Ni Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walijenga kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakakigeuza kuwa makazi ya wagonjwa wa akili. Bado ipo, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na wagonjwa wake hushiriki kazi za mikono na za shamba. Ni jambo la kutia moyo kwamba wazo la kumpa mgonjwa wa akili kitanda, chakula na kazi lilianzia kanisani. Lakini Lutindi iko mbali sana na Igowole, na wazazi wetu hawakuijua.

Walichokijua ni Mirembe. Serikali ya Waingereza ilifungua hospitali hiyo Dodoma mwaka 1927, na baadaye jina lake likawa tusi la nchi nzima. Mpaka leo watoto wakigombana njiani wataambiana, "Nenda Mirembe!" Hospitali ambayo imewatibu Watanzania kwa karibu miaka mia moja imegeuzwa kuwa neno la kumchekea mtu. Na mtu wa Igowole aliyelazwa huko, aliyesafiri kupitia Mafinga, Iringa na Mtera, akatibiwa na kurudi nyumbani akiwa mzima, alirudi na jina hilo mgongoni. Aliweza kupona ugonjwa. Jina hakulipona.

Tufikirie ni akina nani walipelekwa Mirembe siku hizo. Walikuwa wale waliopiga watu, waliovua nguo sokoni, waliochoma nyumba. Waliosumbua amani wakaletwa na polisi. Mama aliyelala akielekea ukutani kwa miezi mitatu hakumsumbua askari yeyote, kwa hiyo hakupelekwa popote, wala hakuandikwa katika kitabu chochote. Hivyo wananchi wakajifunza kwamba ugonjwa wa akili maana yake ni kichaa, na asiye kichaa hana ugonjwa. Ana tabia mbaya tu.

Kosa hilo halikuwa la wanakijiji peke yao. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari jijini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika. Alieleza sababu zake kwa namna inayotuchoma hata leo: kwamba Mwafrika hana tabia ya kujitwika lawama moyoni kama Mzungu. Tunaposoma maneno hayo tunawakumbuka mama zetu, tunajiuliza daktari huyo alikaa na mama gani. Aliwahesabu waliofika hospitalini. Waliobaki nyumbani wakielekea ukutani hakuwaona.

Jibu lilitoka Uganda. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya huko. Hawakukaa hospitalini wakisubiri. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakauliza. Walikuta sonona si nadra hata kidogo, na ilikuwa imeenea zaidi kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa wa London waliolinganishwa nao. Lakini wakati huo, miaka 26 baada ya kitabu cha Carothers, wazo lake lilikuwa limekwisha kuota mizizi: huzuni ya namna hiyo ni ya Wazungu na ya matajiri, na Mwafrika anayedai anayo anajifanya. Tumelisikia hata madhabahuni. "Sonona ni ugonjwa wa watu wasio na kazi." Aliyesema hivyo hakujua kwamba alikuwa akimrudia daktari wa kikoloni.

Kisha likaja janga letu wenyewe. Wasomaji wa Mufindi hawahitaji kuelezwa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008, mkoa wa Iringa, ambao wakati ule ulikuwa bado pamoja na Njombe, ulikuwa na maambukizi ya VVU kwa asilimia 15.7 ya watu wazima, juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 6. Dawa za bure zilikuwa zimeanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2004, lakini kwa nyumba nyingi zilichelewa. Kulikuwa na wiki ambazo fundi seremala hakulala.

Hapo ndipo majina yale ya kila umri yalipofanya kazi yake mbaya kuliko wakati wote, kwa sababu umri uliobaki hai ulikuwa wa mwanzo na wa mwisho: watoto na bibi zao. Mtoto wa miaka minane aliyezika mama mwezi wa pili na baba mwezi wa tisa alirudi darasani, akashindwa kusoma, akachapwa. Tulisema watoto husahau haraka. Ni kweli wanarudi kucheza; lakini baadhi yao hawakurudi, na sisi tuliona uvivu.

Na bibi. Tunamfahamu mmoja, muumini mwenzetu, aliyezika watoto wake wanne katika miaka sita na kubaki na wajukuu. Miaka yote hiyo tulimsifu. Kila mahubiri ya mazishi yalimtaja kama mfano wa imani: bibi ana nguvu, bibi halii. Alipoacha kuja kwenye vikao vya umoja wa wanawake, tulidhani amechoka. Alipoacha kupika, wajukuu wakapika. Alipoacha kuongea, mtu fulani, hatujui nani na huenda tulikuwa sisi sote, alianza kusema kwamba si kawaida kuzika wanne ukabaki wewe. Kwamba huenda aliwala. Yule yule tuliyemsifu kwa kutolia, sasa kutolia kwake kukawa ushahidi.

Tunaandika jambo hili kwa aibu. Hakuna aliyemgusa. Lakini kwa mwaka mzima wanawake walikuwa wakimwita mtoto aondoke akipita karibu na ua wake.

Janga hilohilo ndilo lililotuletea neno ambalo leo tunalitumia kwa urahisi: unyanyapaa. Wengi wetu tulilisikia mara ya kwanza katika semina za UKIMWI, kabla halijatumika kwa jambo jingine lolote. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria ya UKIMWI iliyokataza kumnyanyapaa mwenye virusi. Mwaka huohuo Bunge lilitunga pia Sheria ya Afya ya Akili. Ya kwanza tulifundishwa kwa mabango, nyimbo na michezo ya kuigiza shuleni. Ya pili, ukiuliza leo baada ya ibada, utapata shida kumpata mtu mmoja anayejua kwamba ipo.

Madaktari wetu, hata hivyo, hawakulala. Mwaka 2002 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti uliojaribu maswali ya kupima sonona na wasiwasi, kwa Kiswahili, miongoni mwa wajawazito wenye VVU. Maswali hayo ni ya kawaida kabisa. Unalala? Unakula? Unajilaumu? Mjamzito na mama aliyejifungua ni watu ambao sonona huwafuata mara nyingi, na ni watu ambao kwetu hawaruhusiwi kuhuzunika, kwa sababu wamepewa baraka. Mama anayelia na mtoto mzima mikononi anaonekana amemtukana Mungu. Hapo ndipo tulipoitwa sisi, watu wa maombi.

Tuseme ukweli kuhusu maombi hayo. Tuliwafungisha wanawake wanaonyonyesha. Tuliwashika vichwa tukapaza sauti mpaka wakaanguka, tukahesabu kuanguka huko kama ushindi. Baadhi yetu tuliwaambia waache vidonge, tukisema vidonge ni kukosa imani, ilhali sisi wenyewe tulikuwa na dawa za shinikizo la damu mifukoni. Hatusemi maombi hayana nafasi. Tusingeandika katika kitabu hiki kama tungeamini hivyo. Tunasema kwamba neno pepo lilikuwa rahisi mno kwetu. Likishatamkwa, hakuna aliyemuuliza mama kama amelala.

Sasa tufike kaburini, kwa sababu hapo ndipo aibu hii ilipokuwa nzito kuliko popote.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumzika kijana katika usharika ambao hatutautaja, maana ungeweza kuwa wowote. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka wiki mbili kabla. Kwa miezi mingi tayari alikuwa haongei, na nyumbani walikuwa wamemwita mvuta bangi, bangi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Alijiua. Kengele haikupigwa. Jeneza halikuingia kanisani. Mwinjilisti alikuja, lakini alikuja kama jirani, bila joho, akasimama nyuma karibu na migomba. Mjomba wake kijana alisema maneno machache, udongo ukarudishwa. Mama yake alikuwa akitutazama sisi, mmoja mmoja, akitafuta mtu wa kuanzisha wimbo. Hatukuanzisha.

Wote tuliokuwepo tulidhani Biblia imeagiza hivyo. Baadaye, tulipokuwa tukijiandaa kuandika, tulitafuta, na hatukulipata agizo hilo. Tulichokipata ni kwamba Ahithofeli alijiua na akazikwa katika kaburi la baba yake. Habari hiyo iko 2 Samweli 17. Mfalme Sauli aliuangukia upanga wake mwenyewe, na watu wa Yabesh-Gileadi wakatembea usiku kucha kuuchukua mwili wake, wakamzika mifupa yake chini ya mti, wakafunga siku saba. Hawakusimama karibu na migomba.

Kanuni ya kuwanyima ibada waliojiua ilikuja baadaye, kwa watu. Mtaguso wa maaskofu wa Braga, katika nchi ambayo leo ni Ureno, uliiweka katika karne ya 6. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 bado iliwataja waliojiua kwa kusudi miongoni mwa wasiostahili mazishi ya kanisa. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikuwataja tena, na Katekisimu ya mwaka 1992 ikakiri kwamba maradhi ya akili hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba Kanisa huwaombea. Sisi Walutheri, tuliojivunia kuachana na kanuni za Roma, tuliishika desturi hii hata baada ya Roma kuilegeza.

Na tungeweza kumsikiliza Luther mwenyewe. Katika mazungumzo yake mezani alisema kwamba hakuwa na hakika kuwa waliojiua wamepotea, kwa kuwa hawakutaka kwa hiari yao. Aliwafananisha na msafiri aliyevamiwa na mnyang'anyi msituni. Alijua alichokisema. Yeye mwenyewe alipigwa na vipindi vya giza, hasa mwaka 1527. Mwaka 1530 alimwandikia Jerome Weller, mwalimu wa watoto wake, aliyekuwa akizama katika huzuni, akamshauri aukimbie upweke, acheze, afanye mzaha na anywe kidogo. Shauri hilo la mwisho hatulipeleki kwa watu wa ulanzi. Lakini tazameni jinsi ambavyo hakumwambia Weller kwamba amekosa imani.

Sheria ya nchi nayo iliungana na desturi ya kaburini. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Maana yake, kijana anayeokolewa na majirani anaweza kutoka hospitalini akaingia kituo cha polisi. Tuliirithi sheria hii kwa Waingereza, na Waingereza wenyewe waliifuta ya kwao mwaka 1961, mwaka uleule tuliopata Uhuru. Sisi tulibaki nayo. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba yao. Kwetu familia nyingi zinaficha: zinasema kijana alianguka, alikula kitu kibaya, aliumwa tumbo. Mgonjwa aliyefichwa hivyo harudi kwa daktari, na daktari hawezi kumwuliza kitu ambacho hakikutokea. Shirika la Afya Duniani linakuhesabu kujiua miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Hao ndio wanakwaya wetu.

Kuna habari nyingine kutoka Uganda ambayo tunapenda kuisimulia katika vikundi vyetu. Watafiti waliokwenda wilaya za Masaka na Rakai hawakuanza na vitabu vyao. Waliwauliza wanavijiji kwanza: huzuni kama hii mnaiitaje? Wakapewa majina mawili ya Kiganda, yokwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Kisha katika vijiji 30, baadhi vikapangiwa vikundi vya kukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakiongozwa na watu wa kawaida wa hukohuko waliofunzwa kwa wiki mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji visivyo navyo, walikuwa zaidi ya nusu. Hakukuwa na mashine. Watu walikaa kwenye duara wakasemezana habari za misiba yao, ugomvi wao na upweke wao. Sisi tuna jumuiya zinazokutana kila wiki tayari. Tunaimba, tunasoma, tunachangia mfuko, tunakwenda nyumbani.

Hatuko mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Iringa, kilicho chini ya kanisa letu, kimekuwa kikifundisha shahada ya saikolojia ya ushauri, na vijana waliosoma huko wamekuja kuzungumza nasi. Mmoja wao alitusomea habari ya Eliya katika 1 Wafalme 19, ambayo tumeihubiri mara nyingi kwa ajili ya sauti ndogo ya utulivu. Yeye aliishia chini ya mretemu. Nabii ameshinda Karmeli, na siku chache baadaye amelala chini akiomba afe. Malaika hamkemei. Hamwambii ana pepo wala hamwulizi imani yake imekwenda wapi. Anamwokea mkate, anamwekea maji, anamwacha alale, anarudi tena na mkate. Ndipo safari inaendelea. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza, "Kwa hiyo malaika alipika mara mbili?" Tulicheka, lakini tulilifikiria swali hilo njia nzima tukirudi.

Yule bibi alipelekwa hospitalini Mafinga na mjukuu wake mkubwa, msichana aliyekuwa ndio kwanza amemaliza shule. Alikwenda kwa ajili ya miguu. Daktari alimaliza miguu, kisha akamwuliza analalaje. Bibi alijibu kwamba hajalala tangu alipomzika wa pili. Walikaa humo kwa muda mrefu, mjukuu akisubiri kwenye benchi la nje, akidhani ni mguu umekuwa mbaya. Walirudi na vidonge na tarehe ya kurudi.

Kwetu, majina ya wagonjwa huandikwa kwenye kipande cha karatasi na kupelekwa mbele kabla ya maombi ya kanisa. Jumapili moja mjukuu aliandika jina la bibi yake, na mbele yake, kama watu wanavyoandika malaria au mgongo, akaandika sonona. Mzee wa zamu alisoma karatasi kwa sauti kubwa. Alitaja jina la bibi, akatua, akaendelea, "na pia tumkumbuke ndugu yetu Sonona." Watu wakaangaliana, wakitafuta huyo Sonona ni wa mtaa gani. Ikabidi msichana asimame, katikati ya ibada, aeleze. Bibi alikuwa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka kichwani kwa ajili ya baridi, na hatukuweza kumwona uso.

Jumapili iliyofuata karatasi ilikuja na majina mengine mawili yenye neno lilelile mbele yake. Yote mawili yalikuwa ya wanaume.